Aliyeongoza Hakushinda: Siku Tano za Mei 2010 Uingereza

Jumamosi ya Mei 8, 2010, mjomba alinipigia simu kutoka Tanga. Wakati ule nilikuwa naishi Leicester, Uingereza, na siku mbili kabla ulikuwa umefanyika uchaguzi wa wabunge, Waziri Mkuu Gordon Brown wa chama cha Labour akipambana na David Cameron wa Conservative. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, hakuzunguka mbuyu. "Mwanangu, tangu jana nimetega sikio redioni. Huyu Cameron kapata viti vingi kuliko wote. Mbona hajaapishwa? Na huyu Brown aliyeangushwa, bado anafanya nini mle ndani?"

Swali lake ndilo lililokuwa likiwasumbua Waingereza wenyewe. Asubuhi hiyohiyo gazeti la The Sun lilikuwa limemweka Gordon Brown ukurasa wa kwanza kama mtu aliyevamia nyumba ya wenyewe na kugoma kutoka. Katikati ya London watu wapatao elfu moja waliandamana wakidai utaratibu wa kura ubadilishwe, wakafika hadi nje ya jengo ambamo wakubwa wa chama cha Liberal Democrats walikuwa wanakutana, ikabidi kiongozi wao Nick Clegg atoke kuwasikiliza. Kazini kwangu, Ijumaa ile, wenzangu waliozaliwa na kukulia palepale walibishana tangu chai ya asubuhi. Mmoja aliapa Cameron anadhulumiwa. Mwingine alisema Brown na Clegg wakiunganisha viti wanatosha. Wa tatu, dada mmoja aliyewapigia Liberal Democrats, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema: kura zetu zimeongezeka, viti vyetu vimepungua, mnielezee hesabu hiyo.

Wote watatu walikuwa na hoja, na wote walikuwa wanajibu maswali tofauti. Tangu siku ile nimeulizwa swali la mjomba kila Uingereza inapofanya uchaguzi, na kinachowachanganya watu ni kilekile: kudhani kwamba siku ya kura wananchi wa kule wanamchagua Waziri Mkuu. Hawamchagui.

Tuanzie chini. Nchi nzima, yaani England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, imekatwa majimbo ya uchaguzi 650. Kila jimbo linatoa mbunge mmoja wa Bunge la Makabwela, ambalo ndilo lenye kauli. Mpiga kura anapewa karatasi moja yenye majina ya wagombea wa jimbo lake, basi. Mwaka 2010 jina la Brown lilikuwa kwenye karatasi za Kirkcaldy and Cowdenbeath tu, huko Scotland. La Cameron lilikuwa Witney, upande wa Oxford. Mimi pale Leicester, katika ukumbi wa kanisa ulionuka nta ya sakafu, nilitia alama yangu kwa penseli fupi iliyofungwa uzi kwenye meza, na kwenye karatasi yangu hapakuwa na mmoja wao.

Anayepata kura nyingi jimboni anachukua kiti, hata kama hakufikia nusu ya kura. Msomaji wa Tanzania na Kenya anaujua utaratibu huu, kwa sababu wabunge wetu wa majimbo wanapatikana hivyohivyo, na tumeurithi hukohuko. Ila sisi tunapewa karatasi nyingine ya kumchagua rais. Waingereza hawana karatasi hiyo. Waziri Mkuu wao anapatikana baadaye, kutokana na Bunge lenyewe: ni yule ambaye wabunge walio wengi wako tayari kumuunga mkono, au angalau kutomwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani.

Kwa hiyo namba ya kushika ni 326, nusu ya viti na kimoja juu. Chama kikivuka hapo, mambo huisha usiku uleule na kiongozi wake huingia Downing Street, yaliko makazi na ofisi ya Waziri Mkuu, kesho yake mchana. Mwaka 2010 hakuna aliyevuka. Conservative ya Cameron ilipata viti 306, Labour ya Brown 258, Liberal Democrats 57, na vyama vidogo vikagawana vilivyobaki. Waingereza huliita bunge la namna hiyo bunge lililoning'inia, na jina linafaa, maana halijaangukia upande wowote.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu kina maneno mawili tofauti: kuongoza na kushinda. Cameron aliongoza. Alikuwa mbele ya kila mtu kwa kura na kwa viti. Lakini alipungukiwa viti 20 ili aweze kusema ameshinda, na katika Bunge viti 20 vinatosha kukuangusha siku ya kwanza ya bajeti.

Mjomba akasema: "Sawa, hilo nimelielewa. Sasa Brown?"

Mfano wa wodi ya hospitali unasaidia. Muuguzi wa zamu ya usiku saa yake ikifika, haondoki kama mwenzake wa asubuhi bado hajafika kupokea. Anabaki na wagonjwa, hata kama amechoka na hata kama ametangaziwa kwamba amehamishwa. Akiondoka, wodi inabaki bila mtu. Waziri Mkuu wa Uingereza yuko hivyo. Kura haimwondoi yeye mwenyewe moja kwa moja, kwa sababu haikumweka. Anabaki hadi ijulikane ni nani anaweza kuungwa mkono na Bunge jipya, na katika muda huo anatakiwa asifanye uamuzi mkubwa wa kumfunga anayekuja. Utaratibu huo ulikuwa umeandikwa mapema mwaka uleule, kabla ya kampeni, na ofisi ya mkuu wa watumishi wa serikali, Gus O'Donnell, maana kura za maoni zilikuwa zimeshaonyesha kwamba matokeo yanaweza kubana. Hata watumishi wa umma walikuwa wamejiandaa kuwapa wajumbe wa vyama vyumba vya mazungumzo.

Brown, basi, hakuwa amegoma. Alikuwa lindoni. Siku zile zilikuwa za hofu ya madeni ya Ugiriki, wafanyabiashara ya fedha wana wasiwasi, na nchi haikuweza kukaa hata saa moja bila mtu wa kutia sahihi. Lawama alizopigwa mwisho wa juma lile bado naziona hazikuwa za haki, na naliandika hili nikiwa mtu ambaye sikuipigia Labour kura.

Wengine waliuliza kwa nini Malkia Elizabeth hakukata shauri. Yeye ndiye aliyekuwa akimteua Waziri Mkuu, lakini kwa mila yao mfalme au malkia hachagui upande. Husubiri wanasiasa wamalizane, kisha humwita aliyeonekana wazi kuwa ana wabunge wa kutosha. Siku zote zile watu wake walifanya juu chini asivutwe kwenye mabishano hayo.

Hesabu ya mwenzangu wa pili kazini, kwamba Brown na Clegg wanatosha, ilikuwa na kasoro ya kujumlisha tu. Viti 258 na 57 ni 315. Wangehitaji kuombaomba kwa vyama vidogo vya Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, mmoja mmoja, kila wiki, kwa miaka. Baadhi ya wakongwe wa Labour kama David Blunkett na John Reid walitoka hadharani kupinga wazo hilo. Cameron na Clegg walikuwa na viti 363. Hapo hesabu yenyewe ilizungumza.

Lakini nataka kusimama kwenye maneno niliyoyasikia sana siku zile, "muungano wa walioshindwa." Watu wengi waliamini kwamba chama cha pili na cha tatu wakiungana kukipita cha kwanza, hilo ni haramu kisheria. Si haramu. Mwenye wingi wa Bunge ndiye anayetawala, awe ametokea wapi. Mwaka 1924 nchi hiyohiyo ilipata serikali yake ya kwanza ya Labour, chama kilichokuwa cha pili kwa viti. Ni kweli kwamba Clegg alisema mapema, Ijumaa, kuwa aliyeongoza kwa kura na viti apewe nafasi ya kwanza ya kujaribu. Huo ulikuwa uungwana wake na mbinu yake. Sheria haikumlazimisha.

Jumatatu jioni Brown alitangaza kwamba ataachia uongozi wa Labour, akijaribu kurahisisha mazungumzo na Clegg. Hayakufika mbali. Jumanne, Mei 11, alitoka mlangoni Downing Street akiwa na mkewe Sarah na watoto wao wawili wa kiume, wameshikana mikono, wakatembea kuelekea kwenye gari. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni na sahani ya wali mkononi, nikasahau kula. Kwa miaka wanandoa wale walikuwa wamewaficha watoto wao na kamera. Jioni ileile Cameron, mwenye miaka 43, akawa Waziri Mkuu, na nchi ikapata serikali ya mseto ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili.

Neno mseto linahitaji tahadhari kwa msomaji wa kwetu, maana huko Kenya mwaka 2008 tulilisikia likiambatana na "nusu mkate." Mseto wa Kibaki na Raila ulisainiwa Februari 28, 2008 baada ya damu kumwagika, watu zaidi ya elfu moja kuuawa na wapatanishi kuingilia kati, na pande mbili zilizodai kushinda zikagawana serikali. Uingereza 2010 hakuna aliyesema matokeo si ya kweli. Vyama viwili vilikubaliana kwa sababu kila kimoja peke yake hakikutosha, na upande wa upinzani ukabaki umejaa.

Kwa nini hakuna aliyeyapinga matokeo ya nchi nzima? Sababu moja ambayo wengi hawaifikirii ni kwamba matokeo ya nchi nzima hayatangazwi na mtu yeyote. Hakuna ukumbi kama ule wa Bomas, Nairobi, ambapo mwenyekiti wa tume anasimama na taifa zima linashika pumzi. Kura zinahesabiwa kwenye kila jimbo, mara nyingi katika ukumbi wa michezo, usiku kucha, mbele ya wagombea na mawakala wao, na msimamizi wa jimbo anasoma namba palepale wagombea wakiwa wamejipanga jukwaani. Mji wa Sunderland una sifa ya kushindania kuwa wa kwanza: vijana hupokezana masanduku ya kura wakikimbia kama mbio za vijiti, na usiku ule jimbo la Houghton and Sunderland South lilitangaza kabla ya saa tano, chini ya saa moja tangu vituo vifungwe. Redio na magazeti ndio wanaojumlisha. Mtu akitaka kuiba inambidi aibe mara 650, mbele ya macho ya watu 650 tofauti.

Malalamiko yapo, lakini yanaenda jimbo kwa jimbo, kwenye mahakama maalumu ya uchaguzi. Hapa nina mifano miwili ya mwaka uleule ambayo kila anayesema "kule hakuna kesi" aisome. Huko Oldham East and Saddleworth, Phil Woolas wa Labour alishinda kwa kura 103. Mpinzani wake akashtaki kwamba vipeperushi vya kampeni vilimsingizia uongo. Novemba mahakama ikakubali, ikafuta ushindi, na uchaguzi mdogo ukafanyika Januari 2011.

Wa pili ni Fermanagh and South Tyrone, Ireland Kaskazini. Michelle Gildernew wa Sinn Féin alipata kura 21,304, mpinzani wake Rodney Connor 21,300. Kura nne, na hapo karatasi zilikuwa zimehesabiwa tena na tena. Connor akaenda mahakamani. Majaji walikuta kweli kuna karatasi tatu ambazo maelezo yake hayakukamilika. Wakapiga hesabu: hata kama zote tatu zilihesabiwa kwa Gildernew na sasa ziondolewe, bado anabaki mbele kwa kura moja. Kesi ikatupwa. Na wabunge wa Sinn Féin hawaingii Westminster, yaani Bungeni London, kabisa, kwa msimamo wao wa miaka mingi wa kutoitambua mamlaka ya London juu ya Ireland. Majaji walihesabu vipande vitatu vya karatasi kwa ajili ya kiti ambacho hakitakaliwa, na mimi hilo liliniingia moyoni kuliko hotuba zote za mwaka ule.

Sasa turudi kwa dada yule aliyekaa kimya kazini, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko zote na haijibiwi kwa kuelezwa taratibu.

Mfikirie mtu wa mpira. Ligi haichukuliwi kwa mabao, inachukuliwa kwa pointi. Timu inaweza kufungwa bao moja kwa bila mechi kumi, huku ikipambana vizuri zote, ikamaliza mkiani. Kura ni mabao, viti ni pointi. Liberal Democrats walikuwa timu ya kumaliza wa pili karibu kila uwanja. Mwaka 2010 walipata kura milioni 6.8, asilimia 23, zaidi kidogo ya uchaguzi uliotangulia, wakaambulia viti 57 badala ya 62. Gawanya mwenyewe: kila kiti chao kiligharimu kura zipatazo 120,000, wakati kiti cha Conservative kiligharimu 35,000 na cha Labour 33,000.

Utaratibu huu umewahi hata kumnyima ushindi aliyeongoza kwa kura. Mwaka 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Conservative, lakini Winston Churchill ndiye aliyerudi madarakani. Februari 1974 ikawa kinyume: Edward Heath wa Conservative alikuwa mbele kwa kura zaidi ya laki mbili, ila Harold Wilson akapata viti 301 dhidi ya 297. Heath naye alibaki ofisini siku kadhaa akijaribu kuwashawishi Liberal, akashindwa, akatoka. Kilichotokea 2010 kilikuwa na wazee wake.

Kwa hiyo waandamanaji wa London hawakuwa wanapinga Cameron au Brown. Walipinga kipimo. Moja ya masharti ya Clegg kuingia serikalini ilikuwa wananchi waulizwe kama wanataka kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, badala ya alama moja. Waliulizwa Mei 5, 2011. Karibu asilimia 68 wakasema hapana. Ninaamini wengi hawakupiga kura ile dhidi ya namba, walipiga dhidi ya Clegg mwenyewe, kwa sababu miezi michache kabla ya hapo serikali yake ilipandisha ada ya vyuo vikuu hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na wagombea wake walikuwa wametia sahihi ahadi ya kupinga kupandishwa kwa ada. Uchaguzi wa 2015 chama chake kilibaki na viti 8.

Hali ya kubana ilirudi Juni 2017. Theresa May aliitisha uchaguzi kabla ya wakati akitaka wingi mkubwa zaidi, akapoteza hata ule aliokuwa nao. Aliongoza kwa viti 317. Safari hii hakukuwa na mseto. Chama cha DUP cha Ireland Kaskazini, chenye viti 10, kilikubali kumuunga mkono kwenye bajeti na kura za imani bila kuchukua uwaziri, na Ireland Kaskazini ikaahidiwa pauni bilioni moja zaidi. Simu zikaanza upya. Mjomba hakuuliza tena aliyeshinda ni nani. Aliuliza: "Wana wangapi?"

Kuna jambo moja la usiku wa Mei 6, 2010 ambalo sijalisahau na halihusiani na viti. Vituo vinafungwa saa nne usiku. Sheffield, Manchester, London mashariki na kwingineko foleni zilikuwa bado zinazunguka majengo saa hiyo ilipofika, na sheria ya wakati ule ilisema wazi: ambaye hajapewa karatasi, hapewi. Milango ikafungwa usoni mwa watu, wengine walikuwa wamesimama zaidi ya saa nzima. Tume ya uchaguzi baadaye ilitaja watu wapatao 1,200 katika vituo 27. Kwa nchi yenye wapiga kura mamilioni ni wachache. Lakini kumbuka zile kura nne za Fermanagh. Mwaka 2013 sheria ilibadilishwa, na sasa aliye kwenye foleni saa nne ikigonga anapiga kura.

Na hili ni kwa ndugu mnaoishi huko, maana kila mara nakutana na mtu wa miaka kumi Birmingham au Reading ambaye anaamini hahusiki. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali, wenye miaka 18 na kuendelea, wana haki ya kupiga kura ya ubunge hata kama hawajachukua uraia wa Uingereza. Mtanzania yumo, Mkenya yumo, Mganda yumo, na Mnyarwanda yumo tangu nchi yake ilipojiunga mwaka 2009. Mkongomani na Mrundi hawamo, isipokuwa wawe na uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine yenye haki hiyo. Ndivyo mimi na pasipoti yangu ya Tanzania tulivyoingia kwenye ukumbi ule wa kanisa. Unajiandikisha mapema, siku ya kura isikukute nje ya daftari. Na tangu 2023 kituoni unatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania au ya Kenya inakubalika mezani pa karani.